Bloku 417 za Hasheem Thabeet

Nafundisha masenta wa kikapu, wale warefu wanaocheza karibu na ringi, na kila msimu kuna kijana lazima aniulize: "Kocha, eti Thabeet alishindwa Marekani?" Swali hilo linaniuma. Anayeuliza anajua tu kwamba Memphis Grizzlies, timu ya NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani, walimchagua wa pili kati ya wachezaji wapya wa mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry waliokuja kuwa nyota, halafu hakung'ara. Miaka mitatu aliyocheza Chuo Kikuu cha Connecticut hajawahi kuitazama.

Thabeet ni mtoto wa Dar es Salaam aliyeanza kikapu akiwa na miaka kama 15. Alimalizia sekondari Houston, na 2006 akaingia Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Alipoondoka alikuwa amepiga bloku 417, yaani mara 417 aliuzuia mpira uliotupwa kuelekea ringi. Katika historia ya chuo kile, aliyekuwa mbele yake ni Emeka Okafor peke yake.

"Ni urefu tu," watu husema. Mita 2.21 zinasaidia, sibishi. Lakini nimefundisha warefu wengi wanaoruka mapema, wanadanganywa kwa bega, wanarudi chini na faulo. Mpira ukishaanza kushuka kuelekea kwenye ringi huruhusiwi kuugusa. Ukiugusa, goli linahesabiwa. Kwa hiyo una nafasi ndogo mno, tangu mpira unapotoka mkononi mwa mtupaji hadi unapofika kilele. Mazoezini nawasimamisha vijana mkono ukiwa juu, nyayo chini, na marufuku kuruka kabla mpira haujatoka mkononi. Dakika kumi tu, wanalalamika. Thabeet aliishi humo. Tarehe 31 Januari 2009, dhidi ya Providence, alipata pointi 15, ribaundi 11 (mipira aliyoidaka baada ya mtupo kukosa) na bloku 10.

Kuna jambo la kanuni pia, na ndilo linaloeleza mengi. Kikapu cha vyuo vya Marekani hakimzuii beki kukaa chini ya ringi muda anaotaka. NBA inamzuia: kama hamkabi mtu kwa karibu, sekunde tatu zikiisha lazima awe ametoka. Chuoni Calhoun alimpanda Thabeet pale kama mnazi, na wapinzani wakawa wanaingia na kugeuza njia.

Aliyepata dawa ya kumshinda ni DeJuan Blair wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, mfupi kwake kwa karibu sentimita 20. Tarehe 16 Februari 2009, siku Thabeet alipotimiza miaka 22, walinasana mikono wakigombea ribaundi, Blair akainama, akamrusha juu ya bega lake hadi sakafuni. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Siri ni kiuno: senta akisimama wima, mwenye nyonga za chini humsukuma atakavyo. Hata hivyo msimu ulipoisha wawili hao waligawana tuzo ya mchezaji bora wa Big East, ligi ya vyuo vyao, na Connecticut wakafika nusu fainali ya taifa kule Detroit.

NBA ilimtoa kwenye kivuli cha ringi, ikamtaka akimbize wachezaji wafupi wepesi nje kwa miguu iliyochelewa kuujua mchezo. Alicheza mechi 224, nyingi kwa dakika chache. Kijana akiniuliza sasa, namkalisha, tunaanza na ile mechi ya Providence.