Tiba ya familia sio kikao cha ukoo

Juzi kwenye daladala ya Uyole mama mmoja yuko kwenye simu, "Jumapili wifi tunamfanyia tiba ya familia, mashangazi wote wanakuja, safari hii ataacha pombe au aache watoto." Nikanyamaza ila moyoni nikasema hapana jamani, hili neno tunalionea.

Kifupi, tiba ya familia kwenye uraibu ni matibabu ambayo mwenye uraibu hakai na mtaalamu peke yake, anakaa pamoja na anaoishi nao, watoto wakiwemo, na kinachotibiwa ni maisha yao ya pale nyumbani: nani anaficha chupa, nani ananuna, mtoto gani kageuka mzazi wa wenzie. Basi.

Tiba ni Kiarabu, ndugu yake tabibu. Familia ni Kilatini, na kule Roma ilimaanisha nyumba nzima chini ya bwana mmoja mpaka watumwa wake, maana famulus ni mtumishi. Kuna mashangazi nahisi bado wanatumia ile ya Roma.

Usuluhishi nao ni kitu kingine, unatoka kwenye suluhu, yaani kuna wawili wamegombana. Lile baraza la usuluhishi la ndoa ambalo Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inataka mlipitie kabla ya kudai talaka sio kliniki. Na kikao cha ukoo ndo kabisa, ile ni kesi isiyo na hakimu. Nilikaa kwenye kimoja huko Kilolo, mama wa watu kakalishwa kwenye kigoda karibu na mlango, mtoto wake wa miaka 2 yuko mgongoni kwa bibi mzaa baba, wajomba wanapokezana kumsema habari ya pombe ya mkangafu na dumu lao la ulanzi, pombe ya mianzi, liko nyuma ya nyumba linawasubiri, hakuna hata mmoja aliyemuuliza alianza lini wala akilewa mtoto anabaki na nani.

Halafu mtu anaenda mahakamani kudai watoto, anasema "tulimtibu akashindwa". Sheria hiyohiyo ya Ndoa inaanza kwa kudhani mtoto wa chini ya miaka 7 ni vizuri akae na mama yake, ila dhana hiyo inavunjwa kwa ushahidi, sasa wewe unatoa ushahidi wa tiba ambayo haikuwahi kufanyika.

Kwahiyo mama yangu wa Uyole, cha Jumapili kiiteni kikao tu, na wifi akipata mtaalamu nendeni naye, na watoto muwabebe.