Kobe wa ndani ya nyumba: tunayoambiana kuhusu kizimba chake, na hali halisi

Kobe ana sifa moja inayofanya ushauri mbovu udumu miaka: hafi haraka. Unaweza ukamkosea mwaka mzima na bado anatembea, anakula, na mwenye naye anajibu watu kwa kujiamini kabisa, mbona wangu yuko hivohivo na hana shida. Shida anayo, ila inajijenga polepole kwenye mifupa, kwenye gamba, kwenye figo, na ikija kuonekana kwa macho ujue ina miezi mingi tayari. Ndo maana "wangu hajafa" sio ushahidi wa chochote. Haya hapa chini ndo yanayorudiwa sana kuhusu kizimba cha kobe anayekaa ndani.

"Mnunulie tenki la kioo, lile la samaki, anapendeza"

Anapendeza kwako wewe. Kobe haelewi kioo, anaona mbele kuna nafasi basi anaenda, anagonga, anasukuma, anakwaruza, anaweza kushinda kutwa kwenye kona moja akihangaika na watu wakasema huyu ana nguvu jamani. Anachohitaji ni kuta asizoona nje. Wafugaji wengi wanatumia boksi la mbao lililo wazi juu, kuta zipande kama sentimita 40 hivi manake kobe anapanda kuliko unavyodhani, hasa kwenye kona ambako anapata pa kuegemea. Kama tenki unalo tayari, bandika karatasi kwa nje pande zote angalau kwa chini pale macho yake yanapofika.

Ila sasa kuna ubishi hapa usioisha. Boksi la wazi linapoteza joto na unyevu haraka sana, kwahiyo kwa vitoto vya kobe na kwa jamii za misituni kama kobe wa miguu myekundu, boksi lililofungwa lenye matundu ya hewa linafaa zaidi. Ukikuta mmoja anasema "acha wazi" na mwenzie "funika", inawezekana wote wako sawa, wanafuga kobe tofauti tu. Uliza kwanza kobe wa jamii gani, ndo usikilize ushauri.

"Muweke dirishani apate jua, inatosha"

Hii ndo inaharibu kobe wengi kuliko zote, kwahiyo hapa nitakaa kidogo.

Mwanga wa jua una miale tusiyoiona kwa macho inaitwa UVB, yenye urefu wa mawimbi takriban nanomita 290 mpaka 315. Ikigusa ngozi ya kobe mwili wake unaanza kutengeneza vitamini D3, na D3 ndo inayouwezesha utumbo kunyonya kalsiamu. Kioo cha kawaida cha dirisha kinazuia karibu UVB yote. Joto linapita, mwanga unapita, kobe anaota jua vizuri tu na wewe unaridhika, lakini kile ulichomuwekea pale akipate hakijafika. Unaweza ukamwaga unga wa kalsiamu kwenye majani yake kila siku, bila D3 sehemu kubwa inapita na kutoka. Mwili ukikosa kalsiamu kwenye damu unaenda kuichota kwenye mifupa, na gamba la kobe ni mfupa, mbavu na uti wa mgongo vimeungana humo. Ndo unaanza kuona gamba linabonyea ukiligusa, miguu inapinda, anatembea anaburuza tumbo.

Kwahiyo ndani ya nyumba taa ya UVB ni lazima, na sio kila taa iliyoandikwa "ya reptilia" inatoa UVB, nyingine ni balbu za joto tu zenye picha ya mjusi kwenye boksi. Tyubu ndefu ni bora kuliko vile vibalbu vilivyojisokota, kwa sababu inasambaza mwanga eneo kubwa wakati kibalbu kinamulika kijisehemu tu. Iwe juu yake kama jua lilivyo, usiiweke ubavuni ikampiga machoni. Umbali fuata maelezo ya mtengenezaji, kwa tyubu nyingi za T5 (zile nyembamba) ni kama sentimita 30 mpaka 45, na usiweke kioo wala plastiki katikati, hata wavu wa chuma unapunguza kiasi kikubwa.

Alafu kuna hili, taa ikiwaka watu wanadhani inafanya kazi. UVB inakwisha kabla mwanga haujaisha. Tyubu za T8 (zile nene kidogo) kwa kawaida zinabadilishwa kila miezi 6, T5 kama mwaka mmoja, hata kama inawaka vizuri kabisa. Andika tarehe kwa kalamu kwenye kishikio chake, hutakumbuka. Ukiweza kupata kipimo cha UV, hata cha kuazima, ni bora zaidi ya kukisia.

Na tenki la kioo ukiliweka juani moja kwa moja, dirishani au nje, joto ndani linapanda kwa muda mfupi mpaka kumuua. Hii haisubiri mwaka.

"Weka kizulia cha umeme chini, apate joto"

Porini joto linatoka juu. Kobe akizidiwa na joto anachimba chini apoe, sasa wewe umemuwekea joto kulekule anakokimbilia. Ngozi na gamba la tumbo vinaweza kuungua na yeye bado amekaa palepale, na mawe ya umeme ni yaleyale. Taa ya joto iwe juu, upande mmoja wa kizimba, na upande wa pili uachwe wa baridi, manake kobe hatengenezi joto lake mwenyewe, anahama kutoka huku kwenda kule mpaka mwili ukae sawa. Kizimba chenye joto lilelile kila kona kinamnyima hiyo nafasi hata kama ni joto zuri. Kwa jamii nyingi zinazofugwa chini ya taa iwe kama nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, upande wa baridi 22 hadi 25.

Usiku? Taa zote zima. Kuna watu wanawasha balbu nyekundu usiku kucha wakisema kobe haoni mwekundu, anaona, tena vizuri, macho yake yanatofautisha rangi nyingi kuliko yetu. Mpe saa 12 za mwanga na saa 12 za giza, kitaima kidogo cha umeme kinamaliza kazi. Kama ni jamii ya nchi za joto na chumba kinapoa sana, tumia kifaa cha seramiki kinachotoa joto bila mwanga, na kiunganishwe na themostati, yaani kidhibiti joto, usikichomeke moja kwa moja ukutani ukalala. Kobe wa Hermann (wa kusini mwa Ulaya) na wa Horsfield (wa Asia ya kati) wenyewe hawana shida na usiku wa baridi kiasi.

Na vile vipimajoto vya mshale vya kubandika ukutani havifai. Vinakwambia joto la ukuta, kobe hakai ukutani. Tumia cha dijitali chenye waya, sensa moja chini ya taa usawa wa gamba lake, nyingine upande wa pili.

"Kobe ni wa jangwani, kizimba kiwe kikavu"

Wengine ni wa misituni, na hata wa nchi kame hawakai kavu muda wote. Wanachimba mashimo, na chini kule kuna unyevu mwingi kuliko juu. Kwa miaka mingi watu waliamini gamba kuota vinundu kunatokana na protini nyingi kwenye chakula, mpaka utafiti wa wanasayansi Wiesner na Iben uliochapishwa 2003 kwa vitoto vya sulcata, kobe mkubwa wa Afrika, ukaonyesha ukavu ulichangia kuliko protini. Na vinundu vikishaota haviondoki, utakachorekebisha ni gamba jipya linaloendelea kukua.

Hapo ndo tunafika kwenye sakafu ya kizimba, na kwenye sakafu watu wanaweka vituko. Magazeti yanateleza, kobe mdogo miguu inatawanyika. Mchanga mtupu anaumeza na chakula, unajaa tumboni. Maranda ya mwerezi na ya msonobari yana mafuta yenye harufu kali yanayosumbua mapafu. Chakula cha sungura cha punje kikilowa kinaota ukungu. Weka udongo wa kawaida usio na mbolea wala dawa, uchanganye na makumbi ya nazi yaliyosagwa, kina cha sentimita 10 hadi 15 ili ajifukie akitaka. Mwagia maji ya vuguvugu kwenye kona ili chini kuwe na unyevu na juu kubaki pakavu, kila ukiona pamekauka rudia. Tope lenye baridi lakini hapana, hilo linaleta mafua ya kobe na kuozesha gamba la chini.

Bakuli la maji nalo lazima liwepo, hizi habari za kwamba majani yanamtosha ziacheni. Kisahani cha chungu cha maua kinafaa kuliko bakuli lenye kuta ndefu, anaingia na kutoka bila kupinduka. Atakunya humo, hiyo kawaida, badilisha.

"Atakua kulingana na kizimba"

Hapana jamani. Kizimba kidogo hakimzuii kukua, kinamfanya akue vibaya. Kwa jamii ndogo za kobe wa kufugwa, kama Hermann aliyekomaa, anzia kama mita 1.2 kwa 2.4 na ukiweza zidisha. Sulcata yule anayeuzwa akienea kiganjani anafika sentimita 70 na zaidi na kilo zaidi ya 50, huyo hana kizimba cha ndani, ana chumba kizima na ua. Kama huna ua usimchukue, hata kama anakutazama kwa huruma.

"Na mwenzie, asiwe mpweke"

Kobe haoni upweke kama wewe. Wawili kwenye boksi moja, mmoja anakuwa mbabe, analalia pale chini ya taa, anamsukuma mwenzie, anamng'ata miguu. Hata pasipo ugomvi wa kuonekana, yule mnyonge anashinda amejificha na anaacha kula, watu wanadhani ni mpole. Kama unao wawili tayari, tafuta boksi la pili.

Wa kutembea huru sebuleni nao wapo. Sakafuni kuna baridi, hakuna UVB, kuna nywele na vitu vidogo anavyomeza, kuna nyaya, kuna mbwa, kuna mlango unaofunguliwa kwa kasi. Dakika chache unamwangalia sawa, makazi hapana. Na wanaotoboa gamba wapitishe kamba asipotee, lile ni mfupa hai lenye mishipa ya fahamu, anaumia.

La mwisho linahusu watu wa humo nyumbani. Kobe anaonekana msafi, hana manyoya, hanuki, lakini anaweza kubeba salmonela, bakteria wanaoharisha watu, bila kuumwa yeye. Kizimba kisikae jikoni, bakuli zake zisioshwe kwenye sinki la vyombo, tenga beseni lake, na kila aliyemshika anawe mikono kwa sabuni, watoto wadogo hasa, maana wao ndo wanapenda kumbusu.