Ugonjwa wa akili, kizuizi na sheria: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Akijifanya mwendawazimu kortini, ameponea."

Mshtakiwa akipelekwa kupimwa akili, watu huguna. Lakini nchini Kenya, kifungu cha 166 cha sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai kilisema kwamba aliyetenda kosa akiwa hana akili timamu ana hatia, kisha azuiliwe kwa matakwa ya Rais, yaani hadi Rais aamue atoke. Mwizi aliyefungwa miaka mitatu anajua atatoka lini. Huyu hakujua, wala jaji aliyesikiliza kesi yake hakujua. Mwaka 2018 Jaji Majanja wa Mahakama Kuu, Kisumu, aliamua kuwa utaratibu huo unakiuka Katiba.

Si Kenya peke yake. Australia, Mwaborijini mmoja mwenye ulemavu wa akili alishtakiwa mwaka 2001, ikaonekana hana uwezo wa kujitetea. Hakuhukumiwa kamwe, ila alikaa gerezani kama miaka 10. Mwaka 2016 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za watu wenye ulemavu ilisema Australia ilivunja mkataba wa haki hizo. Huko ndiko kuponea?

"Madaktari wawili wakisaini, yamekwisha."

Sheria ya Gambia iliyotungwa zama za ukoloni, mwaka 1917, iliendeshwa hivyo: vyeti viwili, tena hata vya madaktari wasio wa magonjwa ya akili, na hakuna pa kukata rufaa. Mwaka 2003 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilisema mgonjwa lazima apate njia ya kupinga kuzuiliwa kwake, pamoja na msaada wa wakili. Ajabu ni kwamba Tume hiyohiyo haikuona kuwa haki ya uhuru, kifungu cha 6 cha Mkataba wa Afrika, imevunjwa. Kwangu mimi, hapo ilikwepa swali lenyewe.

"Akiwa hatari, haki za binadamu hazimhusu."

Zinamhusu, ingawa wanasheria hawajakubaliana zinafika wapi. Kifungu cha 14 cha mkataba wa watu wenye ulemavu wa 2006, ambao Kenya iliridhia 2008 na Tanzania 2009, kinakataza ulemavu kuwa sababu ya kumnyima mtu uhuru. Kamati yake ilifafanua mwaka 2015 kwamba hata ulemavu ukiunganishwa na madai ya hatari, bado haitoshi. Kamati nyingine ya Umoja wa Mataifa, ya Haki za Binadamu, mwaka mmoja kabla, iliruhusu kizuizi kama hatua ya mwisho kabisa, kwa muda mfupi iwezekanavyo na kikikaguliwa mara kwa mara. Anayekuambia sheria ya kimataifa ina jibu moja hapa hajaisoma.

"Ndugu wamekubali, kwa hiyo hakulazimishwa."

Idhini inayotakiwa ni ya mgonjwa mwenyewe. Saini ya kaka yake ni ya kaka yake. Na aliyefungwa mnyororo nyumbani au kwenye kambi ya maombi naye amezuiliwa, na serikali inawajibika kumlinda hata kama hakuna askari wala daktari aliyemgusa.