Je, wajua kwa nini maboga huchanua sana halafu hayazai?

Masika yakishakolea, nyuma ya nyumba nyingi utakuta shina la maboga limetambaa hadi kwenye ua wa jirani. Baada ya mwezi na kitu linajaa maua ya manjano, makubwa kama bakuli. Mwenye shina anaanza kuhesabu maboga ya futari. Wiki mbili baadaye maua yote yamesinyaa na kudondoka, na boga hata moja hakuna. Hapo lawama zinaanza: mbegu mbovu, ardhi imechoka, jicho la mtu.

Kumbe maua yale ya mwanzo karibu yote ni madume. Shina la maboga hutoa maua ya aina mbili, na madume hutangulia kwa siku kadhaa, mara nyingine zaidi ya wiki. Dume halizai. Kazi yake ni kutoa chavua, unga wa kulirutubisha ua jike, kisha linaanguka.

Kuyatofautisha ni rahisi, ila uwahi asubuhi. Ua dume limesimama juu ya kikonyo kirefu chembamba, na katikati yake kuna kitu kama kidole kilichopakwa unga wa manjano. Unga huo ndio chavua. Ua jike lina kikonyo kifupi, linakaa chini karibu na shina, na chini ya petali zake tayari pana kiboga kidogo kama gololi. Ukichungulia ndani huoni unga. Unaona kitovu kinene kinachonata, kimegawanyika pembe pembe. Kile kiboga ni ovari tu, yaani mfuko wa mbegu ambazo bado hazijarutubishwa. Chavua isipofika, kinageuka njano, kinalainika, kinaoza kuanzia nchani.

Nyanya haina tabu hiyo, maana ua lake lina dume na jike pamoja, na upepo ukilitikisa tu linatunga. Chavua ya maboga ni nzito na inanata, kwa hiyo upepo hauwezi kuibeba. Lazima aje nyuki, tena awahi, kwa sababu ua hufunguka alfajiri na kufikia saa 4 au 5 asubuhi limeshajikunja. Halifunguki tena. Jike moja lina asubuhi moja tu maishani mwake, na nyuki asipolitembelea mara za kutosha, boga hukua limepinda upande mmoja.

Maboga asili yake ni bara la Amerika. Mexico yamelimwa kwa takriban miaka 10,000. Huko wako nyuki wanaoyategemea maua haya hasa, na madume wao hulala humo humo ndani ya ua likishafunga. Jambo hilo hunifurahisha kila nikilikumbuka. Huku kwetu tunawategemea nyuki wa kawaida, na nyuki hawa mvua ikinyesha asubuhi hawatoki. Ndiyo maana masika, msimu ule ule unaolipa shina nguvu, unaweza kulinyima maboga.

Mwaka jana mvua ilinikamata hivyo siku nne mfululizo, viboga sita vikaoza. Siku ya tano saa 1 asubuhi nikachuma ua dume, nikachana petali zake zote, nikabaki na kile kidole. Nikakipakaza taratibu kwenye kitovu cha jike, pembe zote, mpaka pakawa manjano. Dume moja linatosha majike mawili. Baada ya siku chache kiboga kilikuwa kimeanza kunenepa na kung'aa.

Kwa hiyo ukipanga bustani ya msimu ujao, usipande shina moja. Panda matatu, ili jike likifunguka pasikose dume lililofunguka asubuhi hiyo hiyo. Pembeni weka alizeti, na mrehani uuache uchanue badala ya kuukata kata kila wiki. Nyuki wanaupenda mno, na wakija kwa mrehani watapita kwa maboga. Dawa ya wadudu, ikibidi kabisa, ipigwe jioni maua yakiwa yamefunga. Na urea punguza. Ukiimwaga sana utapata majani mapana ya kutamanisha, majike machache. Anayetaka mboga ya majani hilo halimsumbui, lakini wewe unataka boga.

Madume yaliyozidi usiyaache yaozee chini. Yachume asubuhi hiyo hiyo nyuki wakishamaliza kazi, ila matumba ambayo hayajafunguka yaache juu ya shina kwa ajili ya kesho. Toa kile kidole cha ndani, osha, katakata pamoja na majani machanga ya maboga, chemsha kidogo, kisha mimina tui la nazi au karanga zilizotwangwa. Ugali uwe tayari.