Ulaini wa Ukuta Hautoki kwenye Msasa: Dhana Potofu Kuhusu Kupiga Skimu

Katika nyumba nyingi zinazojengwa leo, iwe Dar es Salaam, Dodoma au Mombasa, kazi inayomfurahisha mwenye nyumba siku ya kwanza na kumsononesha mwaka wa pili ni skimu: lile tabaka jembamba la puti, jasi au saruji nyeupe linalopakwa juu ya lipu, ambayo Wakenya huiita plasta, ili kuta na dari ziwe laini kabla ya kupakwa rangi. Katika kazi za namna hii nilizozifuatilia kwa karibu, ni mara chache sana nimeona ukuta ukiharibika kwa sababu fundi hajui kushika mwiko. Mara nyingi fundi anajua, ila amefanya jambo sahihi kwa wakati usio wake, ama kabla ukuta haujawa tayari, ama baada ya mchanganyiko kupitwa na saa yake. Dhana ninazozijadili hapa karibu zote zinazaliwa na haraka hiyo.

“Ulaini unaletwa na msasa”

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na ndiyo yenye hasara kubwa zaidi. Kazi ya msasa ni kuondoa, si kusawazisha. Ukishikwa kwa mkono unafuata umbo unaloukuta. Penye ulaini unachimba zaidi, penye ugumu unapita juu juu, na mwisho wake ukuta unakuwa laini ukiupapasa lakini una mawimbi ukiutazama. Fundi anayepaka ovyo huku akisema kwamba atasugua kesho anajiongezea kazi, na anamwachia mwenye nyumba kasoro ambayo rangi yenye mng'ao itaitangaza kila jioni taa ikiwashwa.

Ulaini hutengenezwa na mwiko wa chuma, tena katika muda mfupi ambao tabaka limeanza kukaza lakini halijakauka. Tabaka la kwanza hupakwa na kuachwa likaze, la pili hupakwa jembamba zaidi kwa kukatisha mwelekeo wa lile la kwanza, kisha fundi husubiri. Alama ya kwamba wakati umefika ni kidole: kikigusa kisichafuke, lakini kikikandamiza kiache alama ndogo. Hapo mwiko safi hupitishwa kwa mkandamizo, ukingo wake wa mbele ukiwa umeinuliwa kidogo, na brashi yenye maji kidogo ikitangulia pale panapokataa. Ukiwahi, mwiko utavuta tabaka na kuacha michirizi. Ukichelewa, chuma kitaacha alama nyeusi ukutani na hakitalainisha kitu. Ukuta uliopitiwa kwa wakati wake unahitaji msasa mwembamba tu, namba 180 au 220, tena kwa mkono mwepesi wa kuondoa vichembe.

Kuna sababu nyingine ya kupunguza msasa, nayo ni mapafu ya anayesugua. Vumbi la puti na la lipu linaweza kuwa na chembe laini za silika, ambazo wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameziweka katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Kitambaa kilichofungwa puani hakizizuii chembe hizo. Barakoa halisi ya vumbi ni sehemu ya vifaa vya kazi kama ulivyo mwiko, na anayemwajiri fundi ana wajibu wa kuhakikisha ipo.

“Lipu ikipinda, skimu itaficha”

Haitaficha. Puti nyingi zimetengenezwa kupakwa kwa unene wa milimita moja hadi moja na nusu kwa kila tabaka, na jumla isizidi milimita tatu hivi. Ukiweka rula ya alumini ya mita mbili ukutani na ukaona uwazi wa sentimita moja katikati, hilo ni tatizo la lipu na litatatuliwa kwa lipu, pamoja na timazi na pima maji. Puti iliyojazwa nene husinyaa ikikauka, hupasuka nyufa kama za tope la kiangazi, na baadaye hubanduka vipande vizima. Kabla ya kununua mfuko wa kwanza, ingia chumbani usiku, washa taa na uishike karibu kabisa na ukuta ili mwanga uteleze juu yake. Kila bonde na kila kilima vitajionyesha kwa vivuli. Dirisha lililo karibu na dari hufanya kazi hiyohiyo mchana, na ndiyo maana kasoro za dari huonekana kuliko za ukuta hata zinapokuwa ndogo.

“Mchanganyiko ukianza kukaza, ongeza maji uendelee”

Hapa inafaa tuingie ndani kidogo, kwa sababu anayeelewa kinachotokea ndani ya ndoo hatarudia kosa hili. Jasi ni jiwe. Kwa Tanzania huchimbwa, miongoni mwa sehemu nyingine, Makanya katika wilaya ya Same na Itigi mkoani Singida. Jiwe hilo hubeba maji ndani ya umbile lake. Likipashwa moto wa nyuzi 150 hivi, hupoteza robo tatu ya maji hayo na kuwa ule unga mweupe wa mfukoni. Unaporudisha maji, unga huota fuwele nyembamba kama sindano, ambazo hukua zikisukana zenyewe kwa zenyewe, na msuko huo ndio ugumu wa jasi. Kwa hiyo jasi iliyoanza kukaza imeshaanza kusuka. Ukiongeza maji na kukoroga, unavunja sindano ambazo hazitaota tena kama mwanzo. Utapata uji unaopakika vizuri, lakini ukikauka utakuwa kama chaki, na rangi itaondoka nao siku mtu atakapoegemeza kiti.

Fuwele hizohizo zinaeleza lawama ambayo maduka ya vifaa vya ujenzi hupewa bila haki. Fundi husema kwamba jasi ya mfuko huu ni mbovu kwa kuwa inakaza kabla hajaipaka. Mara nyingi kosa liko kwenye ndoo. Masalio ya mchanganyiko uliopita, hata utando mwembamba pembeni, ni mbegu tayari ambazo fuwele mpya hujishika na kuota kwa kasi, hivyo mchanganyiko uliopaswa kumpa fundi muda wa kutosha unamgandia mikononi. Ndoo, mwiko na chombo cha kukorogea vioshwe kila baada ya mchanganyiko mmoja. Maji yatangulie ndooni, unga unyunyizwe juu yake na uachwe unywe kwa dakika chache, kisha ndipo ukorogwe. Changanya kiasi kinachotosha kupakwa kabla hakijakaza, hata kama kitaonekana kidogo.

“Saruji ikichanganywa na jasi, ukuta unakuwa imara zaidi”

Wapo mafundi wanaotia jasi kwenye saruji nyeupe ili ikaze upesi, na wakiulizwa hujibu kwamba hata viwandani saruji huwekewa jasi. Jibu hilo ni kweli nusu. Kiwanda husaga jasi kidogo, asilimia chache tu, pamoja na saruji, tena kwa lengo la kuichelewesha isigande ghafla. Jasi inayomiminwa kwa kipimo cha kopo ni jambo jingine kabisa: penye unyevu, salfeti iliyomo ndani yake huendelea kuungana na sehemu ya saruji na kuunda fuwele zinazotanuka, na tabaka lililokuwa laini huvimba na kupasuka miezi kadhaa baadaye. Chagua kimoja ukifuate hadi mwisho. Saruji nyeupe nayo haina nguvu ya pekee kwa sababu ya weupe wake. Weupe huo unatokana tu na malighafi zenye chuma kidogo mno.

“Jasi inafaa popote”

Jasi huyeyuka majini, kwa kiasi cha gramu mbili hivi kwa lita moja. Ni kidogo, lakini bafu wanamooga watu sita kila siku halihitaji miaka mingi kulegeza ukuta. Bafuni, chooni, nje ya nyumba na sehemu ya chini ya ukuta unaopandisha unyevu kutoka ardhini, tumia puti ya saruji. Vyumba vya kulala, sebule na dari kavu ndiko mahali pa jasi.

Nyumba za kale za pwani ni suala la peke yake, na linaniuma. Mji Mkongwe wa Zanzibar na mji wa kale wa Lamu imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta hizo hupokea unyevu na kuutoa kila siku. Mafundi waliochonga zidaka za Lamu, yaani vishubaka vya ukutani, kwa wembamba na ulaini tunaoustaajabia mpaka leo, walitumia chokaa, wakaipaka kidogo kidogo kwa kuwa chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta hewa ya kaboni. Kuta kama hizo zikifunikwa kwa puti ya saruji na rangi ya mafuta, unyevu hukosa pa kutokea, chumvi hujikusanya nyuma ya tabaka na kulisukuma, na linapobanduka huondoka na ngozi ya ukuta wa asili. Chokaa irekebishwe kwa chokaa.

“Lipu ya wiki moja imeshakauka”

Lipu mpya inahitaji kumwagiwa maji kwa siku saba hivi ili saruji ikomae, kisha iachwe. Desturi ya siku 28 kabla ya kupiga skimu ina msingi, na wakati wa masika hata siku hizo hazitoshi. Bandika kipande cha nailoni cha nusu mita ukutani, uzibe kingo zote kwa utepe wa gundi, ukiache siku nzima. Kikipata matone upande wa ndani, subiri.

Linalowachanganya wengi ni kwamba ukuta uleule uliokauka hulowanishwa kidogo kabla ya kupakwa puti ya saruji. Hakuna mgongano hapo. Unyevu wa ndani husukuma tabaka kutoka nyuma, ilhali uso wenye kiu hunyonya maji ya puti kabla saruji haijayatumia, na puti iliyonyang'anywa maji hubaki unga.

“Dari ni ukuta uliolala tu”

Dari ya zege huwa na mabaki ya mafuta yaliyopakwa kwenye mbao za kumwagia zege. Ukinyunyizia maji na yakajikusanya kama matone kwenye jani la myugwa, puti haitashika hadi uoshe kwa sabuni na upake praima, yaani tabaka la chini la kushikisha. Dari ya bodi za jipsamu, yaani za jasi, huhitaji utepe wa nyavu kwenye kila ungio, kwa sababu bodi hucheza na puti peke yake haiwezi kuzizuia. Ufa kati ya nguzo ya zege na ukuta wa tofali ni wa jamii hiyohiyo, na kuujaza puti kila mwaka ni kuahirisha kazi.

Wala usiwashe feni ili skimu ikauke upesi. Upepo hukausha uso wakati ndani bado kubichi, na uso huo hupasuka nyufa nyembamba zisizoonekana hadi rangi ya kwanza ipite. Funga madirisha yanayoleta upepo mkali, acha tabaka likauke kwa kasi yake, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, kisha paka praima nyepesi inayoingia ndani ya puti.