Kuinua gari la 4x4: dhana potofu kuhusu springi, shokapu na vipuri vinavyofuatana nazo

Mtu akitaka kuinua gari lake, swali la kwanza huwa ni inchi ngapi. Hapo ndipo kazi inapoanza kuharibika. Springi huchaguliwa kwa kilo, shokapu kwa urefu, na vipuri vingine kwa pembe zitakazobadilika baada ya hizo mbili kukaa. Kimo cha gari ni matokeo ya chaguo hizo, na karibu kila dhana potofu iliyozoeleka kwenye gereji inatokana na kuanza na kimo.

Dhana: Ukiinua inchi mbili, kila kitu cha chini kinapanda inchi mbili

Kwa gari lenye ekseli nzima, yaani magurudumu mawili yameunganishwa na chuma kimoja, si kweli. Springi imekaa juu ya ekseli, kwa hiyo inachoinua ni chasisi na bodi. Difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, inabaki palepale, na mara nyingi ndiyo inayogonga jiwe kwanza. Kinachoinua difu ni tairi kubwa zaidi, tena kwa nusu tu ya kipenyo kilichoongezeka. Toa tairi ya 265/70R16, yenye kipenyo cha milimita 777, uweke 285/75R16 yenye milimita 834. Tofauti ni milimita 57, hivyo difu inapanda kama milimita 28. Spidomita nayo itaanza kudanganya: ikisoma 100, unakwenda karibu 107.

Springi ndefu zina faida nyingine. Zinaipa tairi hiyo nafasi ya kupanda na kushuka bila kusugua bodi, zinainua tumbo la gari, na zinasaidia bampa isikwame unapoanza kupanda mlima au unapomaliza kushuka. Kwenye gari lenye saspensheni huru mbele, ambapo kila gurudumu hupanda na kushuka peke yake, difu imefungwa kwenye chasisi na itapanda nayo, lakini hapo gharama inahamia kwenye shafti zinazozungusha magurudumu, ambazo sasa zitafanya kazi kwa pembe kali zaidi.

Dhana: Chukua springi nzito, itakufaa siku ukibeba mzigo

Hii ndiyo inayowaumiza wengi, na hesabu yake ni rahisi. Tuseme springi za nyuma zina ugumu wa kilo 4 kwa kila milimita. Ziko mbili juu ya ekseli, kwa hiyo jumla ni kilo 8 kwa milimita. Muuzaji anakwambia zinainua milimita 50 zikiwa na mzigo wa kudumu wa kilo 300. Usipoweka mzigo huo, gari halitabaki kwenye 50. Gawa 300 kwa 8, unapata zaidi ya milimita 37. Nyuma itasimama karibu milimita 87 juu ya kimo cha kiwandani, pua ikiinamia chini.

Kimo hicho cha ziada kimekula safari ya gurudumu, yaani umbali linaoweza kwenda, kuelekea chini. Shokapu imeshanyooka karibu yote, na gurudumu likiingia shimoni halina pa kushuka. Linaning'inia, kisha shokapu inagonga mwisho wake kwa ndani. Mwenye gari husikia mlio huo na kudhani ni bushi (raba za kwenye viungo) zimekufa.

Basi pima mzigo wa kudumu kabla ya kununua, yaani vitu vinavyobaki kwenye gari kila siku. Bampa ya chuma na winchi mbele huongeza kwa kawaida kilo 80 hadi 120. Maji ya tangi la lita 60 ni kilo 60 likijaa. Betri ya pili, droo za nyuma, hema la juu, vyote vinaingia kwenye hesabu. Abiria na mizigo ya safari moja moja havihesabiwi. Kwa hao, springi ya kati yenye puto la hewa ndani yake ni bora kuliko springi nzito inayorukaruka mwaka mzima. Njia ya uhakika ni kupeleka gari kwenye mizani na kupima ekseli moja moja, mbele peke yake na nyuma peke yake.

Dhana: Shokapu ndefu na ngumu ndiyo inayoinua gari

Shokapu haibebi gari. Kazi yake ni kupunguza kasi ya springi inapobanwa na inapofunguka. Ile ya gesi yenye shinikizo kubwa inaweza kusukuma milimita chache, basi. Kuweka shokapu ngumu mno juu ya springi laini kunafanya gurudumu lishindwe kufunguka haraka kati ya bonde moja la barabara na jingine, na gari linazidi kuzama kila mtetemo unapofuata mwingine.

Cha kuangalia kwanza ni urefu wa shokapu wa aina mbili: ikiwa imebanwa kabisa, na ikiwa imefunguka kabisa. Usikisie kutoka kwenye katalogi. Pima kwenye gari lako. Toa springi, ng'oa shokapu, inua chasisi kwa stendi imara, kisha pandisha ekseli kwa jeki mpaka raba ya kikomo (inayozuia ekseli isigonge chasisi) iguse na ibonyee. Pima kutoka kishikio cha juu cha shokapu hadi cha chini. Rudia upande mmoja ukiwa juu na mwingine chini, kwa sababu gari likijipinda juu ya mawe, upande mmoja hubanwa zaidi kuliko pande zote mbili zikipanda pamoja. Shokapu uliyochagua ikibanwa kabisa iwe fupi kuliko kipimo hicho kwa milimita 15 angalau. Ikiwa ndefu kuliko hapo, itagonga mwisho kabla ya raba, na yenyewe au kishikio chake kitavunjika.

Halafu shusha ekseli ukiangalia mipira ya breki, waya za ABS na springi yenyewe. Kimojawapo kikianza kuvutika, au springi ikilegea kwenye kikombe chake, hapo ndipo mwisho wako. Shokapu iishie kabla ya hapo. Shokapu ndefu kuliko springi yake huiruhusu springi ianguke nje, na hiyo si hadithi ya vijiweni.

Dhana: Speisa ni sawa na springi mpya, ila bei nafuu

Inategemea speisa, yaani kipande cha kujazia nafasi, imekaa wapi. Ikiwekwa juu ya shokapu ya mbele iliyovikwa springi, haibadilishi ugumu wa springi, na safari inabaki kama mwanzo. Lakini inasogeza gurudumu chini zaidi mwishoni mwa safari, na huko ndiko pembe za shafti na bolojointi (viungo vinavyoruhusu gurudumu kugeuka) zinapozidi. Kumbuka pia kwamba shokapu hiyo inashika mkono wa chini (chuma kinachounganisha gurudumu na chasisi) karibu na katikati, hivyo speisa ya milimita 25 inaweza kuinua gari karibu 50. Wanaoweka ya 50 wakitarajia 50 hushangaa wanaposikia mikono ya juu ikigonga springi.

Speisa inayowekwa ndani, ikibana springi zaidi, ni mbaya kuliko hiyo. Urefu wa shokapu haujabadilika, kwa hiyo kila milimita uliyopanda umeikata kwenye safari ya kushuka.

Dhana: Kwa springi za majani, refusha tu shekeli

Springi za majani ni zile za mabamba yaliyopangwa moja juu ya jingine, na shekeli ni kiungo kinachoshika ncha moja ya springi kwenye chasisi. Shekeli ikirefushwa milimita 50, gari linapanda kama 25, kwa sababu upande mmoja tu wa springi ndio uliosogea. Ekseli nayo inazunguka kidogo. Ikiwa ni ya nyuma, pembe ya propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli) inabadilika na unaweza kupata mtetemo kwa mwendo fulani. Ikiwa ni ya mbele, usukani unaharibika. Vitalu vya kuinulia kati ya springi na ekseli viwekwe nyuma tu, kimoja kwa upande, kamwe visipangwe viwili viwili. Kwenye ekseli ya mbele visiwekwe kabisa. Na yuboliti, boliti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, zikifunguliwa hazirudishwi: zimeshavutika. Nunua mpya, kisha zikaze tena baada ya kilomita 500 hivi.

Dhana: Ukimaliza, alaimenti inatosha

Alaimenti ya kawaida hurekebisha mwelekeo wa tairi, lakini kwenye ekseli nzima ya mbele haigusi kasta, yaani ulalo wa mhimili wa usukani kuelekea nyuma. Gari lenye mikono mirefu inayoshika ekseli ya mbele hupoteza takriban digrii moja ya kasta kwa kila milimita 25 za kuinuliwa. Ukipoteza mbili kwenye gari lililotoka kiwandani na tatu, usukani utaacha kurudi wenyewe baada ya kona na gari litayumba barabarani. Dawa ni bushi za kurekebisha kasta au vishikio vinavyoshusha mikono. Kubadilisha dampa ya usukani, yaani shokapu yake ndogo, kunaficha dalili tu.

Panadi, ile fito inayozuia ekseli isiende kando, huuzwa kwa hofu kuliko kwa haja. Fito ya milimita 900 iliyokuwa imelala kwa tofauti ya milimita 50 kati ya ncha zake, ukiinua gari milimita 50, inaisogeza ekseli kando kama milimita 4. Hiyo inavumilika. Ukiinua 100, inakuwa kama 11, na hapo panadi ya kurekebishika ina maana.

Kuna kitu kinachosahaulika karibu kila mara: vali ya breki inayopima mzigo, iliyo kwenye magari mengi ya kubeba mizigo. Fito yake inaunganisha ekseli ya nyuma na chasisi. Chasisi ikipanda, vali inaamini gari ni tupu na inapunguza nguvu ya breki za nyuma. Umebeba mzigo, na breki za mbele zinabeba sehemu kubwa ya kazi. Inua kishikio cha fito hiyo kwa kiasi kilekile ulichoinua gari. Taa za mbele nazo zishushwe, hasa kama pua imepanda kuliko nyuma.

Dhana: Kaza boliti zote gari likiwa bado juu ya jeki

Bushi za raba zimegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje, hazizunguki, hujisokota. Ukikaza boliti magurudumu yakining'inia, umefunga raba kwenye kimo hicho. Gari likishuka, kila bushi inakaa imesokotwa muda wote na inachanika mapema, na gari husimama juu kuliko kimo chake halisi. Ingiza boliti zote, zikaze kwa mkono, shusha gari, litikise mara kadhaa, liendeshe mita chache mbele na nyuma, halafu kaza kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Pima kimo kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi juu ya tairi, ili upepo wa tairi usikudanganye. Pima tena baada ya wiki chache, kwa sababu springi mpya hushuka kidogo zinapojikalia.