Klorineta ya chumvi: inavyofanya kazi na kwa nini hugoma

Klorineta ya chumvi ni kifaa kinachotengeneza klorini humo humo kwenye maji ya bwawa la kuogelea. Kina sehemu mbili: sanduku la umeme la ukutani, na seli, yaani kipande cha bomba chenye vibao vya titani vilivyopakwa madini ya rutheni au iridi. Maji ya chumvi yakipita kati ya vibao hivyo, umeme wa DC (unaokwenda upande mmoja, kama wa betri) wa volti ndogo huichanganua chumvi. Klorini hubaki majini, haidrojeni hutoka kwa mapovu. Klorini ikimaliza kazi hurudi kuwa chumvi, kwa hiyo chumvi haiishi kwa kutumika. Hupungua bwawa likivuja, chujio likisafishwa, au mvua ikilifurisha.

Basi taa ya "chumvi kidogo" ikiwaka kiangazi na bwawa halivuji, usikimbilie gunia la chumvi. Masanduku mengi hukisia chumvi kwa kupima umeme unaopita kwenye vibao. Vibao vikifunikwa na ukoko mweupe wa chokaa, umeme hushuka na taa huwaka vile vile. Pima maji kwanza kwa kipimo kingine, kisicho cha klorineta. Klorineta nyingi hutaka gramu 3 hadi 4 kwa lita. Bwawa la mita 10 kwa 5 lenye kina cha wastani cha mita 1.5 lina lita 75,000. Likisoma gramu 2.4 nawe unataka 3.2, pungufu ni kilo 60. Ukizidisha, hakuna dawa ila kumwaga maji na kujaza mengine.

Kwa Kigoma, ukoko ndio mshukiwa wa kwanza. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH (kipimo cha uasidi; juu ya 7 si asidi tena) inayokaribia 9, na klorineta yenyewe hupandisha pH kila inapofanya kazi. pH ikiwa juu, chokaa huganda kwa urahisi kwenye vibao. Anayejaza bwawa kwa maji ya ziwa aishushe kwa asidi hadi 7.2–7.6 kabla hajawasha seli. Kuna sababu nyingine ya kuishusha: kwenye pH 8, ni kama robo tu ya klorini iliyo katika hali kali ya kuua vijidudu. Kipimo kinasema ipo, bwawa linageuka kijani.

Kusafisha seli: zima umeme kwenye swichi kuu, funga valvu, fungua seli. Changanya sehemu moja ya asidi ya haidrokloriki na kumi za maji, ukimimina asidi kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Vaa glavu na miwani, fanyia nje. Vibao vilowe dakika 10 hadi 15, mpaka mapovu yakome, kisha suuza. Bisibisi usiguse kabisa; ukikwangua, unaondoa ule mpako unaotengeneza klorini.

Chumvi ya Uvinza, yenye machimbo ya chumvi mkoani Kigoma, iko jirani na inashawishi, lakini ulizia usafi wake. Bwawa linataka chumvi isiyopungua asilimia 99, isiyo na madini joto. Kalsiamu na magnesiamu huongeza ukoko, chuma huacha madoa. Imwage pampu ikizunguka na klorineta ikiwa imezimwa, usubiri saa 24.

Kama taa zote ziko sawa na klorini bado haionekani, kinga maji pale yanaporudi bwawani ulinganishe na ya upande wa mbali. Ya kurudi yakiwa na klorini zaidi, seli ni nzima. Klorini inaliwa na jua au mwani. Asidi ya sianuriki, miligramu 30 hadi 50 kwa lita, huikinga na jua.

Maji ya pande hizo mbili yakilingana, na chumvi iko sawa, na vibao ni safi, huenda mpako umekwisha. Seli nyingi hudumu miaka 3 hadi 7. Ila kabla hujaagiza nyingine, zima umeme uchomoe plagi ya seli. Pini iliyoungua au yenye kutu ya kijani huleta dalili zile zile.